Mafuta ya kula yanavyosema na jeni za ini

Swali: Nina miaka 47, naishi Kigoma. Nilipopigwa altrasaundi kwa shida nyingine niliambiwa ini langu lina mafuta. Pombe sinywi. Nyumbani tunapikia mawese siku zote. Jirani yangu aliyesoma anasema mafuta ya alizeti na ya samaki "yanazima jeni" zinazotengeneza mafuta kwenye ini, kwa hiyo niongeze vijiko viwili vya alizeti kila siku kwenye chakula changu. Je, ni kweli mafuta yanazima jeni? Yanabadilisha DNA yangu? Na nitumie kiasi gani?

Jibu: Dada, jirani yako amepatia nusu ya kwanza na amekosea nusu ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayoweza kukuumiza. Ni kweli kwamba baadhi ya mafuta hupunguza kazi ya jeni zinazotengeneza mafuta ndani ya ini. Lakini ukiongeza vijiko viwili juu ya chakula kilekile unachokula leo, umeongeza kalori kama 240 kwa siku, na ini litazidi kujaa. Faida iko kwenye kubadilisha mafuta, haiko kwenye kuongeza. Hata huko kubadilisha hakufiki mbali kama sukari na wanga vimebaki palepale. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana ukiishika sababu utaweza kuamua mwenyewe ukiwa sokoni au jikoni.

Tuanze na hilo neno "kuzima". Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Maelekezo hayo hayatoki nje ya kiini cha seli. Kinachotoka ni nakala yake, iitwayo mRNA, na nakala ndiyo inayosomwa ili protini itengenezwe. Kuna protini nyingine ambazo kazi yake ni kushika DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuamua nakala zitoke nyingi, chache, au zisitoke kabisa. Nitaziita wasimamizi. Mafuta uliyokula huwafikia wasimamizi hawa na kubadilisha kazi yao. Herufi za DNA yako hazibadiliki hata moja. Kinachopanda na kushuka ni idadi ya nakala, na hupanda na kushuka ndani ya saa chache, halafu hurudi ilipokuwa chakula kikibadilika. Kuna pia alama za kikemikali zinazobandikwa kwenye DNA na kwenye protini za histoni zinazoizunguka, na hizo hudumu zaidi ya nakala, lakini nazo hubandikwa na kubanduliwa. Kwa hiyo usiogope kwamba mawese ya miaka 20 yameandika kitu kisichofutika.

Mafuta hufikaje huko? Ukila ugali na dagaa waliokaangwa, nyongo huyavunjavunja mafuta kuwa matone madogo, vimeng'enya vya kongosho huyakata, na ukuta wa utumbo huyafunga upya katika vifurushi viitwavyo kilomikroni. Hivi hupita kwanza kwenye mishipa ya limfu, kisha huingia kwenye damu, na hufika kilele saa 3 hadi 5 baada ya mlo. Masalia yake huchukuliwa na ini. Ndani ya seli ya ini asidi za mafuta hubebwa na protini mbebaji iitwayo FABP1, na nyingine hufika hadi kwenye kiini.

Msimamizi wa kwanza unayepaswa kumjua anaitwa SREBP-1c. Jamii yake iligunduliwa miaka ya 1990 katika maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein kule Dallas, Marekani, walewale waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya kolesteroli. Msimamizi huyu hazururi ovyo ndani ya seli. Anazaliwa akiwa amefungwa kwenye utando wa retikulamu endoplazimu (karakana ya seli ya kutengenezea protini na mafuta), na hapo hawezi kugusa jeni yoyote. Ili afanye kazi, protini nyingine iitwayo SCAP humsindikiza hadi kwenye kifaa cha Golgi, karakana nyingine ndani ya seli, na huko vimeng'enya viwili humkata, kimoja baada ya kingine. Kipande kilichokatwa ndicho kinachoingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza mafuta. Miongoni mwao ni ACACA, inayoanzisha kazi, FASN, inayounganisha vipande hadi kufikia asidi ya palmitiki yenye kaboni 16, na SCD, inayoigeuza asidi iliyoshiba kuwa isiyoshiba (neno hili nitalieleza tukifika kwenye mawese). Anayemchochea SREBP-1c kuliko wote ni insulini. Kila mlo wenye wanga mwingi hupandisha insulini, nayo huliambia ini: tengeneza mafuta, weka akiba.

Hapa ndipo alizeti na samaki wanapoingia. Asidi za mafuta zenye viungo viwili au zaidi visivyoshiba, yaani asidi ya linoleiki ya alizeti, na zaidi yake EPA na DHA za samaki, humzuia SREBP-1c katika hatua zaidi ya moja. Humzuia msimamizi mwingine, LXR, asiiwashe jeni ya SREBP-1c yenyewe. Hufanya nakala zake za mRNA ziharibike upesi: katika seli za ini la panya zilizokuzwa maabara, muda wa nakala hizo kubaki hai ulipungua kwa karibu nusu. Huchelewesha ile safari ya kwenda kukatwa. Na DHA huharakisha kuvunjwa kwa kipande ambacho tayari kimeshaingia kwenye kiini. Hatua nne hizi ndizo zinazolifanya jambo hili liaminike, kwa sababu halitegemei uzi mmoja. Si jambo la juzi pia. Mwaka 1965 Allmann na Gibson walionyesha kwamba panya waliokoseshwa asidi ya linoleiki huongeza utengenezaji wa mafuta kwenye ini, na kiasi kidogo tu cha asidi hiyo kikirudishwa kwenye chakula, utengenezaji hushuka. Wasimamizi wenyewe hawakujulikana hadi karibu miaka 30 baadaye.

Msimamizi wa pili ni PPAR-alfa, naye hufanya kazi iliyo kinyume: huwasha jeni za kuchoma mafuta. Alitambuliwa mwaka 1990 na Isabelle Issemann na Stephen Green nchini Uingereza, na mwaka 1992 ikaonyeshwa kwamba asidi za mafuta zenyewe zinaweza kumwamsha. Ana mfuko ndani yake ambamo asidi ya mafuta huingia na kukaa. Akishaipokea, hushikana na mwenzake aitwaye RXR, wa ukoo wa vipokezi vinavyopokea kemikali zinazotokana na vitamini A, na wawili hao hutafuta mahali kwenye DNA penye herufi AGGTCA, kisha herufi moja yoyote, kisha AGGTCA tena. Herufi hizo si lazima zilingane kabisa, zikikaribia zinatosha. Wakikaa hapo, jeni za jirani huanza kutoa nakala: CPT1A, ambayo ni mlango wa kuingiza mafuta kwenye mitokondria yakachomwe, ACOX1 ya kwenye peroksisomu, chumba kingine cha kuchomea mafuta, HMGCS2 ya kutengeneza ketoni, na FGF21, homoni ambayo ini huitoa wakati wa njaa. Kama umewahi kusikia dawa iitwayo fenofibreti, wanayopewa watu wenye trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) nyingi, ndiye huyu inayemgusa. Panya walioondolewa jeni ya PPAR-alfa wakifungishwa chakula, ini lao hujaa mafuta na sukari yao ya damu huanguka vibaya, kwa sababu mafuta yanafika kwenye ini lakini vyombo vya kuyachomea havitoshi.

Sasa angalia jambo ambalo jirani yako hakuliona. Ini linapotengeneza mafuta, kitu cha kwanza kutokea njiani ni malonili-CoA, na malonili-CoA hufunga ule mlango wa CPT1A. Kutengeneza na kuchoma haviendi pamoja. Ukila alizeti pamoja na sahani kubwa ya ugali na soda, asidi ya linoleiki inajaribu kumtuliza SREBP-1c huku insulini ikimchochea, na mlango wa kuchomea umefungwa. Juu ya hapo yupo msimamizi wa tatu, ChREBP, aliyegunduliwa mwaka 2001, ambaye hachochewi na insulini bali na sukari yenyewe ikiingia kwenye seli. Fruktosi humchochea sana, na ni nusu ya sukari ya mezani. ChREBP huwasha karibu jeni zilezile za kutengeneza mafuta, tena anaweza kuziwasha hata pale SREBP-1c ametulia. Kwa hiyo mtu anaweza kumwaga mawese yote, akanunua alizeti safi kabisa, na ini likaendelea kutengeneza mafuta kutokana na chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara tatu kwa siku. Hiyo peke yake ni gramu kama 36 za sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 inakaribia kiasi hichohicho.

Na kwa mtu ambaye mwili wake umeanza kuzoea insulini, hali hubana zaidi. Ini huacha kuitii insulini inapoliambia lipunguze kutoa sukari, lakini huendelea kuitii inapoliambia litengeneze mafuta. Kongosho likiona sukari haishuki huongeza insulini, na insulini ya ziada humchochea SREBP-1c zaidi. Ndiyo maana ini lenye mafuta na kisukari cha aina ya pili huandamana mara nyingi hivyo, na ndiyo maana nakusihi upime sukari ya damu hata kama hujisikii chochote.

Tuje kwenye mawese yako, maana hapa watu hukosea pande zote mbili. Mawese yana asidi ya palmitiki karibu asilimia 44, asidi ya oleiki kama 40, na linoleiki kama 10. Alizeti ya kawaida ina linoleiki karibu asilimia 60, na mafuta yaliyoshiba kama 11 tu. Nitumiapo neno "yaliyoshiba" maana yake ni kwamba kila kaboni kwenye mnyororo imebeba hidrojeni kadiri inavyoweza, na mnyororo ukanyooka kama fimbo. Fimbo zilizonyooka hupangana na kuganda, ndiyo maana mawese huganda asubuhi ya baridi na alizeti haigandi. Ndani ya seli unyofu huo una madhara yake. Palmitiki ikizidi na isipochanganyika na oleiki ya kutosha, hukakamaza utando wa retikulamu endoplazimu, na seli hupata msukosuko: protini za tahadhari kama IRE1 na PERK huamka na kuwasha jeni za dharura, na msukosuko ukidumu huwashwa jeni za seli kujiua. Palmitiki pia ndiyo malighafi ya seramidi, aina ya mafuta inayovuruga utendaji wa insulini. Seli ya ini ikipewa palmitiki peke yake kwenye sahani ya maabara huumia. Ikipewa palmitiki pamoja na oleiki huyafunga mafuta hayo kwa utulivu ndani ya matone na kuyahifadhi, bila kuumia kwa kiasi kile. Mawese yamekuja na oleiki yake ndani, ndiyo maana siyaiti sumu. Lakini ukiyatumia mengi, kila siku, pamoja na sukari, palmitiki inayotoka nje hukutana na palmitiki ambayo ini limeitengeneza lenyewe.

Kuna pia njia ya jeni moja kwa moja. Mwaka 2005 kundi la Bruce Spiegelman la Boston lilionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta yaliyoshiba au mafuta ya transi hupandisha kwenye ini protini iitwayo PGC-1 beta, ambayo humshika mkono SREBP-1c na kumpa nguvu zaidi. Kwa hiyo aina moja ya mafuta humzuia msimamizi yuleyule ambaye aina nyingine humsaidia.

Huenda umesikia kwamba mawese mekundu ni tiba kwa sababu yana karotini nyingi, nayo huwa vitamini A, na RXR ni wa ukoo wa vitamini A. Karotini ni kweli ipo, na kwa watoto wenye upungufu wa vitamini A mawese mekundu ni msaada mkubwa. Lakini hilo halimaanishi kwamba kijiko cha mawese kinamwamsha RXR achome mafuta ya ini. Mwili unadhibiti kemikali zinazotokana na vitamini A kwa ukali sana. Na ukiyachemsha mawese mpaka wekundu upotee na yawe maangavu, karotini umeiharibu, umebakiwa na mafuta matupu.

Yote niliyoeleza hadi hapa yametoka zaidi kwa panya na kwenye seli za maabara, na lazima niwe mkweli kuhusu hilo. PPAR-alfa wa panya hufanya mambo ambayo wa binadamu hayafanyi kwa nguvu ileile: peroksisomu za ini la panya huongezeka sana na uvimbe wa saratani hutokea, jambo lisiloonekana hivyo kwa watu wanaotumia dawa za fibreti, kama ile fenofibreti. Tena kile chakula kiitwacho "cha mafuta mengi" katika maabara nyingi huwa na asilimia 60 ya kalori kutoka kwenye mafuta, hasa ya nguruwe. Hakuna mtu Kigoma anayekula hivyo. Ukiona habari inayosema mafuta fulani yamezima jeni fulani, uliza kwanza ni ini la nani, na ni kiasi gani.

Kwa binadamu, kupima jeni za ini kunahitaji sindano ya kuchukua kipande cha ini, hivyo majaribio mengi hupima mafuta yenyewe kwenye ini kwa kutumia MRI, picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Hapo matokeo yanakubaliana vizuri na yale ya panya. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha mwaka 2014 jaribio ambamo vijana 39 wenye uzito wa kawaida waliongezewa keki ndogo kila siku kwa wiki 7. Keki za kundi moja zilitengenezwa kwa mafuta ya mawese, za kundi la pili kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito uleule, kilo 1.6, lakini waliokula keki za mawese ndio walioongeza mafuta mengi zaidi kwenye ini. Kalori sawa, uzito sawa, ini tofauti. Mwaka 2018 watafiti wa Helsinki, Finland, waliwaongezea watu 38 wenye uzito mkubwa kalori 1,000 kwa siku kwa wiki 3. Waliopewa mafuta yaliyoshiba, yakiwemo ya nazi na siagi, mafuta ya ini yaliongezeka kwa asilimia 55. Waliopewa sukari, asilimia 33. Waliopewa mafuta yasiyoshiba, asilimia 15. Tazama hiyo namba ya mwisho, dada: hata mafuta mazuri yalipoongezwa juu ya chakula, ini lilijaa zaidi. Ndiyo maana nimekataa vile vijiko viwili vya ziada.

Wanaosoma kutoka Tanga, Pemba au Lamu wataniuliza kuhusu nazi, kwa kuwa wameambiwa mafuta yake ni "ya mnyororo wa kati", yanachomwa moja kwa moja. Asidi za kaboni 8 na 10 ndizo zinazokwenda kwenye ini kupitia mshipa wa utumbo na kuchomwa haraka, nazo ni sehemu ndogo ya nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, na sehemu yake kubwa hupita njia ileile ya kilomikroni kama mafuta marefu. Tui la kwanza, lile zito, ndilo lenye mafuta mengi. Pikia tui la pili na umalizie na vijiko vichache vya tui la kwanza kabla ya kuepua. Ladha inabaki na mafuta yanapungua sana.

Sasa vipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya kalori za siku, yaliyoshiba yasizidi 10, na ya transi yasizidi 1. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, yaliyoshiba yasipite gramu 22 hivi. Kijiko cha mezani (mililita 15) cha mawese kina gramu kama 7 za mafuta yaliyoshiba, cha mafuta ya nazi kama 12, cha alizeti kama gramu moja na nusu. Kwa hali yako ningeweka mafuta yote ya kupikia yasizidi vijiko viwili vya mezani kwa siku kwa mtu mmoja, na kama unataka kupunguza uzito, kimoja na nusu. Kijiko kimoja kinaweza kuwa mawese, kwenye kile chakula ambacho bila mawese hakiliki, mfano maharage au mboga ya muhogo. Kilichobaki kiwe alizeti. Kwa mpango huo umekula gramu kama 8 na nusu za mafuta yaliyoshiba kutoka kwenye mafuta ya kupikia, badala ya 14, na umebakiwa na nafasi kwa ajili ya maziwa, nyama au mayai.

Usijaribu kupima kwa macho, hutaweza, mkono huzoea. Andika tarehe kwenye dumu siku unayolifungua. Familia ya watu 5 ikimaliza lita 5 kwa siku 30, kila mtu amepata mililita 33 kwa siku, yaani kalori kama 275. Ikimaliza lita 10, kila mtu amepata kalori zaidi ya 550 za mafuta matupu, hata kama kila mmoja anaapa kwamba hali mafuta mengi. Nakuomba ufanye jambo hili mwezi huu kabla ya kubadilisha chochote, ili ujue unaanzia wapi.

Alizeti ina udhaifu wake. Zile sehemu zisizoshiba zinazomtuliza SREBP-1c ndizo zinazoharibiwa na moto na hewa. Ukikaangia mihogo au mandazi kwa alizeti ileile mara nyingi, linoleiki huvunjika na kutoa aldehaidi zinazoumiza seli. Mawese huvumilia moto vizuri zaidi. Suluhisho ni kupunguza ukaangaji wa kuzamisha uwe wa mara chache, na mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi mapema kuliko kawaida, yamwagwe. Usiongezee mapya juu ya ya zamani. Mafuta ya kopo yanayoganda, soma lebo: yakiandikwa kwamba yamegandishwa nusu kwa hidrojeni, yaache dukani, hayo ndiyo ya transi.

Kuhusu samaki, uko mahali pazuri kuliko watu wengi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wana EPA na DHA. Lakini asidi hizo huharibika zikianikwa juani muda mrefu na kuhifadhiwa vibaya. Dagaa waliobadilika kuwa njano na kunuka mafuta mabovu wamepoteza sehemu ya kile unachokitafuta. Chagua walioanikwa juu ya chanja, weupe, wasio na harufu hiyo, wachemshe na nyanya au uwakaange kwa mafuta kidogo. Mara tatu kwa wiki inatosha. Vidonge vya mafuta ya samaki ni jambo jingine: dozi zinazoshusha trigliseridi ni gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA kwa siku, nazo zitolewe na daktari, kwa sababu dozi kubwa huongeza uwezekano wa moyo kudunda bila mpangilio.

Jambo moja lisilo la mafuta lina nguvu kubwa kwa PPAR-alfa, nalo ni muda wa kutokula. Chakula cha usiku kikiisha saa 1 usiku na kinachofuata kikaliwa saa 1 asubuhi, insulini hushuka, SREBP-1c hutulia, malonili-CoA hupungua na mlango wa CPT1A hufunguka. Chai yenye sukari saa 4 usiku huufunga tena. Lakini kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, usibadilishe saa za kula bila kuongea na anayekutibu, sukari inaweza kuanguka usingizini.

Kupungua uzito bado kunashinda kila aina ya mafuta. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2005, uliofuatilia mafuta ya ini kwa alama maalumu, ulikuta karibu asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, na 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye chakula. Kupunguza asilimia 5 ya uzito huanza kupunguza mafuta ya ini. Kufika asilimia 7 hadi 10 hutuliza na uvimbe wa seli. Ukiwa na kilo 80, anza na 4, kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, si zaidi.

Uliuliza pia kuhusu DNA. Kuna herufi moja ambayo watu huzaliwa nayo, katika jeni PNPLA3, iliyoripotiwa mwaka 2008 na watafiti wa Dallas, inayofanya mafuta ya ini yashikwe zaidi. Katika utafiti huo ilikuwa nyingi kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, na chache zaidi kwa Wamarekani Weusi. Hiyo hurithiwa, hailetwi na chakula, lakini jeni hiyo nayo huwashwa na SREBP-1c na ChREBP, kwa hiyo hata aliyeirithi anafaidika akipunguza sukari.

Kabla ya yote pima homa ya ini aina ya B, sukari ya damu, trigliseridi, AST na ALT (vimeng'enya vya ini) na chembe sahani za damu. Kwa hivyo vitatu vya mwisho unaweza kupiga mwenyewe hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu kwenye ini: umri zidisha AST, gawanya kwa (chembe sahani zidisha kipeuo cha pili cha ALT). Mfano, umri 47, AST 38, chembe sahani 240, ALT 49 ambayo kipeuo chake cha pili ni 7: 1,786 gawanya kwa 1,680 ni 1.06. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa kwenye ini ni mdogo, endelea na mpango huu na upime tena baada ya miezi 6. Ikiwa kati ya 1.3 na 2.67, muulize daktari kipimo cha ugumu wa ini. Ikipita 2.67, nenda kwa bingwa wa ini mwezi huohuo. Altrasaundi isikukatishe tamaa ikibaki vilevile, kwa sababu haioni vizuri mafuta yakiwa chini ya asilimia 20 hivi ya ini. Kiuno, uzito na trigliseridi zitabadilika kabla yake.